Bibi Anayepigwa Akiwa Bado Amepiga Magoti

Athanasi Kashaija,
Mabira, Kyerwa,
Kagera.

Kwa Watengenezaji wa Gemu ya Ngumi,
Huko mliko.

Waheshimiwa Watengenezaji,

YAH: MALALAMIKO JUU YA BIBI MZEE MLIYEMWEKA KWENYE GEMU YENU, NA MADHARA ALIYOLETA NYUMBANI KWANGU

Kwanza nawasalimu. Habari za huko? Mmeamkaje? Watoto, mifugo, na migomba kama mnayo, vyote vizima? Sisi huku tu wazima isipokuwa haya ninayotaka kuwaeleza. Mvua ilituchezea mwanzoni lakini sasa inanyesha, na kahawa imetoa maua ya kutosha, Mungu akipenda tutavuna.

Mimi ni mkulima wa ndizi na kahawa, tena mzee wa kanisa, na sijawahi kugombana na mtu wa nchi ya nje. Nisingeanza leo kama mambo yasingefika chumbani. Mke wangu Sperancia, tangu nimuoe, amekuwa akipiga magoti kunisalimia na kunikaribisha chakula, kama alivyofanya mama yake na kama alivyofanya mama yangu. Sasa ameacha. Ananisalimia wima, kama askari wa zamu. Nimechunguza chanzo kwa utulivu wote nilio nao, na nimekuta chanzo ni ninyi.

Anwani yenu iliyo kwenye kasha la gemu imeandikwa kwa herufi ambazo hata mchungaji wetu ameshindwa kuzisoma, naye alisoma chuo cha uchungaji cha Makumira. Kwa hiyo barua hii nampa Hanifu, mwenye banda la gemu pale Rubwera. Yeye atampa aliyemuuzia huko Kayanga, na huyo atampa aliyemuuzia yeye, hivyo hivyo mpaka iwafikie. Jembe la kuazima hurudi kwa mwenyewe kwa njia hiyo hiyo, ingawa huchelewa.

Naomba nieleze ilivyoanza. Siku za soko huwa napeleka mikungu yangu ya ndizi Rubwera kwa pikipiki ya Mugisha, kijana wa bodaboda wa hapa kwetu Mabira. Mugisha ni dereva mzuri na mcheza gemu mbaya, maana yangu ni kwamba akishika pedi ya kuchezea haachi. Siku hiyo nimeshauza ndizi, nataka kurudi nyumbani, yeye yuko bandani kwa Hanifu na hana mpinzani, vijana wote amewamaliza. Akamwita Dafroza, fundi cherehani anayeshonea barazani hapo hapo, aje amsindikize raundi moja tu. Dafroza hajui gemu wala hajawahi kuitaka. Alitazama wapiganaji wote kwenye skrini, akamchagua bibi mmoja mwembamba aliye kona ya chini kabisa, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumgusa tangu Hanifu anunue gemu hiyo. Tulipomuuliza kwa nini huyo, alisema vazi lake limekatwa vizuri mabegani.

Basi raundi ikaanza. Mugisha alikuwa na jitu lake la kifua wazi. Jitu likaruka, likanguruma, likapiga kifua. Na yule bibi, waheshimiwa, akapiga magoti. Akakunja mikono, akainamisha kichwa, akatulia. Banda zima tulisogea mbele, maana hakuna aliyewahi kuona adabu ndani ya televisheni ile. Tulikuwa bado tunamwangalia hivyo, jitu la Mugisha likamrushia teke la uso.

Mimi nilisimama kwenye benchi. Nilisema, "Mugisha, hujaitikia!"

Malalamiko yangu sasa ni haya yafuatayo.

1. Kumpiga mtu kabla salamu yake haijaitikiwa.

Sijui kwenu. Kwetu mtu akikupigia magoti, hata kama unamdai, hata kama ng'ombe wake jana amekula mahindi yako, unaitikia kwanza. Unamuuliza amelalaje. Unamuuliza wa nyumbani. Unamuuliza watoto, kisha shamba, kisha yeye naye anakuuliza wewe, na hapo ndipo mnaweza kuanza kusema habari ya ng'ombe, na mkigombana mnagombana kama watu. Heshima si utumwa. Lakini ninyi mmetengeneza jitu lisilojua kuitikia, na mkalijalia miguu mirefu.

Nilimweleza Mugisha kwamba ilimpasa kungoja. Akasema gemu ina saa yake juu ya skrini, na saa hiyo inakimbia. Nikamwambia hata huku saa zinakimbia na bado tunasalimiana. Akampiga bibi teke la pili. Naomba saa hiyo isimame mpaka salamu ziishe, na kama huko kwenu hamjui huku huchukua muda gani, mje mjionee, nitawalaza kwangu.

2. Kuwagawa watu wa Rubwera na wa Mabira, waliokuwa wanaelewana.

Vijana walimpa yule bibi jina la Mukaikuru, yaani bibi kizee kwa lugha ya nyumbani, kwa kuwa jina lake ninyi mmeliandika kwa herufi zile zile za kwenye kasha. Kuanzia hapo hatukulala. Wa upande wa Dafroza wakasema Mukaikuru ndiye mtu pekee mwenye malezi katika gemu nzima, wengine wote ni wahuni. Wa upande wa Mugisha wakasema ni mzigo, hana ngumi, hana mbio, kazi yake kupiga magoti na kupigwa, na mtu akimchagua basi amekubali kushindwa. Nilikuwa upande wa Dafroza, naandika hivyo bila aibu.

Hanifu hakuwa upande wowote, jambo ambalo lilituudhi sote. Wazee wake walitoka Tanga, na yeye alishikilia kwamba kwao mtu husalimia kwa shikamoo na mkono, basi, kwa hiyo yule bibi hasalimii, anafunga kamba za viatu. Hata tulipomwonyesha kwamba bibi yuko peku, msimamo wake hakuubadilisha. Banda lake lilikuwa limejaa mpaka barazani na wanaume wazima walikuwa wanasimama kwenye ndoo kuchungulia. Vita vya panzi furaha ya kunguru.

Madhara yalitoka nje ya banda. Dafroza alikuwa na suruali ya Mugisha ya kupunguza miguu, akasema hataigusa mpaka Mugisha amwombe radhi Mukaikuru. Mugisha akauliza amwombeje radhi mtu aliye kwenye televisheni. Dafroza akajibu kwamba kama ameweza kumpiga hataona ugumu wa kumwomba radhi. Mugisha alikwenda harusini Rugera na suruali imeshikwa kwa pini, na alipocheza muziki tukajua pini zimefika wapi. Kwaya yetu nayo ikagawanyika, sauti ya pili wote kwa Mukaikuru, besi wote kwa jitu, na Jumapili hiyo tuliimba kila mtu na wimbo wake.

Nilijaribu kuwapatanisha. Niliwaita kwangu, nikawapa kahawa ya kutafuna kama tunavyompa mgeni tunayemtakia mema. Mugisha akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatafuna taratibu, akaisifu kahawa. Kisha, utamu ungali mdomoni, akasema Mukaikuru afutwe kwenye gemu. Sperancia ndiye aliyeleta kikapu cha kahawa siku hiyo. Wakati huo alikuwa bado anapiga magoti, na wageni wangu wote ni mashahidi.

3. Udanganyifu wa hali ya juu.

Hili naliandika kwa hasira, mnisamehe mwandiko. Siku ya soko iliyofuata nilichoka kumwona mama wa watu anaonewa, nikaomba pedi mwenyewe. Mzee wa kanisa, mbele ya watu, nikakaa kwenye ndoo nikamchagua Mukaikuru. Vijana walipiga makofi. Raundi ikaanza, akapiga magoti, na mimi kwa heshima sikubonyeza kitufe chochote. Dafroza na wengine walikuwa wanabonyeza vyote kwa hofu, ndipo bibi huinuka katikati ya salamu akapigwa. Mimi niliacha amalize.

Jitu la Mugisha likaja na teke lake. Mukaikuru, bila kuinua kichwa, akalidaka lile teke kwa mkono mmoja, akalizungusha jitu hewani kama mtu anayefua shuka, akalibwaga. Jitu likaamka, likaja tena. Akalidaka tena. Raundi ya pili vivyo hivyo. Mugisha aliangusha pedi. Mdharau mwiba mguu huota tende, nami nikamwambia hivyo hivyo.

Mngedhani hapo ugomvi umekwisha. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mugisha na watu wake, waliokuwa wanamwita mzigo, wakageuka palepale wakasema ana nguvu kupita kiasi, si haki, afutwe kwa sababu hapigiki. Na Dafroza, mama wa watu, aliyekuwa amemtetea mpaka sauti ikakauka, akaanza kulia. Akasema, "Kumbe hasalimii. Anatega." Akasema mtu anayepiga magoti ili akubwage ni mbaya kuliko jitu, kwa sababu jitu angalau linakuja na uso wake. Tangu siku hiyo Dafroza anataka afutwe kwa unafiki. Mugisha baada ya siku chache akaanza kumchagua yeye, na sasa ndiye mtetezi wake mkuu, anasema ni bibi mwenye akili. Watu wamebadilishana mabenchi. Ugomvi ni ule ule, umehama tu.

Mimi nilibaki katikati nikiwa na ushindi ambao sikuutaka. Niliporudi nyumbani nilimweleza Sperancia yote, kwa kirefu, na jinsi teke lilivyodakwa. Nilikuwa namweleza kila siku, hata akiwa jikoni, hata tukiwa njiani kwenda kanisani, kwa sababu nilitaka mtu mwenye busara anisaidie kuamua kama Mukaikuru ni mwema au mbaya. Alikuwa akisikiliza. Mara moja moja alitaka kusema kitu lakini nilikuwa sijamaliza.

4. Kuvunja heshima ya nyumba yangu.

Wiki hiyo hiyo Sperancia aliniletea chakula akiwa amesimama.

Nieleze vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye barua. Aliingia na sahani ya ndizi na maharage, akaiweka mezani, akasema karibu, akashika ukingo wa meza, akatoka. Nilikaa nikiitazama ile sahani mpaka ikapoa. Nikajiambia labda amesahau. Asubuhi akanisalimia kutoka mlangoni, kasimama, kashika mwimo. Jioni vivyo hivyo. Siku ya tatu nikajua kwamba hakusahau.

Sikumuuliza. Mwanamume hamuulizi mkewe kwa nini hampigii magoti, maana akishauliza, hata akipigiwa, ameomba. Nikafanya uchunguzi. Niliona mengi. Ameacha kupalilia maharage ya bondeni, amemwomba jirani, kwa kuwa mtu aliyeamua kutoinama hainami hata kwa maharage. Akikaa kwenye kigoda jikoni, kuinuka kwake ni pole pole, mpaka ashike ukuta, kama mkubwa fulani anayengoja watu wampishe. Tukitoka kanisani anabaki nyuma, nami nikigeuka namkuta amesimama anatazama barabara, anatafakari. Nilimuuliza mara moja anatafakari nini, akasema, "Nenda tu, nitakufikia." Mkiwa wanaume wenye wake mtaelewa jinsi maneno hayo yalivyoniingia.

Kwa hiyo nimefikia hitimisho. Sperancia amesikia kutoka kwangu mwenyewe kwamba anayepiga magoti hupigwa teke la uso, na akaona hasara yake. Kisha akasikia, pia kutoka kwangu, kwamba anayepiga magoti bila kupigwa ni mtegaji, na akaona aibu yake. Mwanamke mwenye akili, akiwekewa njia hizo mbili, atasimama. Simlaumu. Nawalaumu ninyi mlioziweka njia mbili tu.

Nina jambo moja la kuongeza hapa ambalo si malalamiko. Naogopa. Watoto wetu wameolewa na kuoa, wako mbali, tumebaki wawili kwenye nyumba ile. Sahani ikiwekwa mezani na mtu akageuka kutoka, nyumba inakuwa kimya sana. Nimeanza kujiuliza ni lini nilimkosea, na nimepitia miaka yote nikakuta makosa kadhaa, lakini yote ya zamani, na baada ya kila moja aliendelea kunipigia magoti. Kwa hiyo ni gemu. Lazima iwe gemu.

5. Maombi.

Kwa heshima naomba mfanye yafuatayo, na mkiweza mfanye kabla ya mavuno ya kahawa.

Mwondoeni Mukaikuru kwenye gemu, au mbaki naye lakini wapinzani wake wote nao wapige magoti kwanza, jitu likiwa la kwanza. Mkiona vigumu kiufundi, basi andikeni tangazo litokee kwenye skrini kabla ya kila raundi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kwamba mpiganaji huyu anapiga magoti kwa hiari yake, kwamba hilo halimpunguzii kitu, na kwamba waliooana wasimchukulie kama mfano. Dafroza amekubali kuwasaidia maneno. Mugisha anataka lisiwekwe.

Pia naomba mmwandikie mke wangu barua fupi yenye mhuri. Si lazima iwe ndefu. Iseme tu kwamba mmesikia, kwamba mumewe ni mtu anayemheshimu, na kwamba hakuna mtu duniani aliyekusudia kumpiga teke. Akiisoma kutoka kwenu ataamini kuliko akisikia kutoka kwangu, maana mimi siwezi kuyasema hayo bila kuanza kueleza habari ya Mukaikuru.

Na kama hamtajibu, sitakuwa na budi. Nitamwomba Hanifu aweke gemu ya mpira.

Nisalimieni wake zenu na waume zenu, mafundi wote mnaofanya nao kazi, na hasa yule aliyelichora lile vazi la Mukaikuru, Dafroza anamsalimu na anauliza mabega aliyakataje. Hanifu anawasalimu na anasema biashara ni nzuri. Mugisha anawasalimu bila kuomba radhi. Kwaya yote inawasalimu, kila sauti kwa wakati wake.

Ni mimi ninayengoja jibu lenu nikiwa nimekaa mezani peke yangu,

Athanasi Kashaija,
Mzee wa Kanisa.

Nyongeza baada ya sahihi. Kabla ya kufunga bahasha nilimpa Sperancia asome barua hii arekebishe makosa, kwa kuwa alikuwa katibu wa umoja wa wanawake na herufi kubwa anazijua kuliko mimi. Nilijua atakutana na namba nne. Labda ndivyo nilivyotaka. Alisoma yote akiwa ameegemea mlango, hakucheka wala hakukasirika, akanirudishia, akasema, "Athanasi, ni goti."

Nikauliza goti la nani. Akapandisha kitenge kidogo. Waheshimiwa, goti la kulia la mke wangu limevimba kama kiazi, tena limevimba siku nyingi, na la pili linafuata. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia. Aliniambia njiani tukitoka kanisani, nami nikamjibu kwamba jitu lilipokuja mara ya pili lilidakwa kwa mkono ule ule mmoja. Akaniambia tena jikoni. Hakunieleza nilimjibu nini jikoni, nami sikuuliza.

Kwa hiyo malalamiko namba nne yafutwe. Na kwa kuwa namba moja, mbili na tatu niliziandika ili kuitengenezea njia namba nne, nazo zifutwe. Barua kwa mke wangu msiandike. Mukaikuru mwacheni alivyo, sijui habari zake na sina haja tena ya kuzijua. Kesho Mugisha atampeleka Sperancia hospitali kwa mwendo wa pole, nami nitafuata nyuma kwa miguu, na nimemwambia akipita kwenye shimo kwa kasi tutaonana yeye na mimi.

Jioni hii nimempaka dawa ya kuchua ambayo Dafroza ametupa. Sperancia alikuwa amekaa kwenye kigoda, na mgongo wangu hauinami, kwa hiyo ilibidi nipige magoti. Alinitazama, nami nikapaka. Nilikaa pale muda mrefu. Miaka yote tuliyoishi katika nyumba ile, sikujua sakafu yetu ina baridi namna hiyo.